Siyo Kila Kinachouma Huko Nyuma ni Bawasiri: Mwongozo wa Kulitambua Tatizo na Kulitibu Hatua kwa Hatua

Mwendesha bodaboda mmoja alikuja kituo chetu cha afya akakalia tako moja kwenye benchi, la pili likiwa hewani. Mkononi ana bahasha ya kaki: tyubu tatu za krimu, unga wa mizizi kwenye chupa ya maji, na kikopo cha dawa kisicho na lebo. Wiki nzima alikuwa anajitibu bawasiri. Nilipomlaza ubavu nikatazama, bawasiri haikuwepo. Kulikuwa na uvimbe mwekundu wa moto, unang'aa, mkubwa kama limau. Jipu. Na krimu haitoi usaha, hata ukipaka tyubu kumi.

Kosa ninaloliona kila wiki ni hilohilo: mtu anaumwa sehemu asiyoweza kuiona, anaona haya kuitaja, basi analiita tatizo bawasiri na kununua dawa. Mwongozo huu unageuza mpangilio: kwanza sikiliza, halafu tazama, ndipo utaje jina.

Tuelewane kwa maneno. Nikisema "mlango" ninamaanisha tundu la haja kubwa na ngozi inayolizunguka. Nikisema "puru" ninamaanisha kipande cha mwisho cha utumbo, ndani ya mlango huo. Nikisema "bawasiri" ninamaanisha mishipa ya damu iliyovimba, ndani ya puru au nje mlangoni.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kioo kidogo cha mkono, na tochi ya simu.
- Beseni pana linaloenea makalio. Liwe la kazi hii tu, lisirudi jikoni.
- Taulo laini au kitambaa cha pamba.
- Jozi chache za glavu.
- Mafuta ya mgando yasiyo na manukato.
- Kigoda cha kimo cha sentimita 20 hivi, kama choo chenu ni cha kukaa.
- Maganda ya isabgoli, mbegu yenye nyuzinyuzi za kulainisha choo. Yanapatikana maduka ya dawa na baadhi ya maduka ya viungo.
- Parasetamoli.
- Kipimajoto.
- Daftari. Usilidharau, ndilo litakalomsaidia daktari kuliko vyote.

Visivyohitajika: spiriti, dawa ya kuua vijidudu, ndimu, kitunguu saumu, sabuni ya manukato, na mvuke wa majani ya kuchemsha. Ngozi ya hapo ni nyembamba kama ya mdomo. Nimeshamhudumia mama aliyejifukiza kwa sufuria, akaja na malengelenge juu ya tatizo alilokuwa nalo.

## Kabla ya hatua ya 1: wasioruhusiwa kuendelea nyumbani

Ukiwa na moja ya haya, acha kusoma uende hospitali leo:

- Uvimbe wenye maumivu pamoja na homa au kutetemeka kwa baridi.
- Damu inayotiririka au kutoka kwa mabonge, kizunguzungu, moyo kwenda mbio.
- Choo cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya. Hiyo ni damu ya tumboni juu, si ya mlangoni.
- Kinyama kilichotoka, hakirudi ndani, kimegeuka zambarau au cheusi.
- Kushindwa kukojoa.
- Una kisukari au kinga yako ni ndogo, na maumivu ni makali hata kama huoni uvimbe.
- Ngozi inayobadilika kuwa nyeusi, au maumivu yanayosambaa haraka kuelekea korodani au uke. Hapa kuna maambukizi yanayokula nyama. Yanahesabiwa kwa saa, si kwa siku.

Mjamzito anayetumia vidonge vya madini ya chuma vya kliniki asishtuke kwa choo cheusi peke yake. Vidonge hivyo hukigeuza rangi na kukikaza pia. Cha lami kinanata na kunuka. Cha vidonge ni cheusi tu.

## Hatua ya 1: Uliza maumivu yana saa gani

Watu wengi huniambia "inauma sana," lakini ukali hausaidii kutofautisha. Wakati ndio unaosaidia. Kwa siku 3 andika kwenye daftari: yameanza lini, yamedumu muda gani, nini kilikuwa kinaendelea.

Yanaanza choo kinapopita, kama umepitisha kipande cha chupa, kisha panawaka kwa dakika au hata saa kadhaa, halafu unatulia hadi choo kijacho: huo karibu siku zote ni mpasuko wa ngozi ya mlangoni.

Hayaondoki. Yanapiga kama mapigo ya moyo, usiku na mchana, leo ni mabaya kuliko jana, kukaa ni mateso: fikiria jipu.

Yalikuja ghafla ndani ya saa chache pamoja na kinundu kigumu cha bluu mlangoni: damu imeganda ndani ya bawasiri ya nje.

Hakuna maumivu kabisa, damu tu: bawasiri ya ndani, au kitu kingine kilicho juu zaidi.

Sababu iko kwenye maumbile. Ndani kidogo ya mlango kuna mstari. Chini yake ngozi ina neva za maumivu kama za ncha ya kidole. Juu yake hazipo. Ndiyo maana bawasiri ya ndani hutoa damu bila kuuma, na ndiyo maana mtu anayelia kila akienda choo mara nyingi hana bawasiri bali ana mpasuko. Ukikumbuka hili tu, umeshapunguza nusu ya makosa.

## Hatua ya 2: Soma damu

Tazama mara tatu: kwenye tishu au maji ya kuchambia, ndani ya choo, na juu ya kinyesi chenyewe. Choo cha shimo kinaficha mambo, kwa hiyo siku moja tumia poti. Ni karaha ya dakika 2.

- Nyekundu mbichi, inadondoka baada ya choo kutoka, bila maumivu: inaelekea bawasiri ya ndani.
- Mstari mwembamba juu ya kinyesi au alama kwenye tishu, pamoja na maumivu: mpasuko.
- Iliyochanganyika na kinyesi, au nyekundu iliyoiva: inatoka juu zaidi. Apime daktari.
- Damu na ute, tumbo linasokota, haja inabana lakini ukikaa hutoi kitu: inaweza kuwa amiba au maambukizi mengine ya utumbo. Kwa wanaoishi kandokando ya Ziwa Viktoria, Mwanza, Ukerewe na kwingineko, kichocho cha utumbo nacho hutoa damu. Kinapimwa kwa choo na kutibiwa kwa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito.

Tahadhari. Bawasiri na saratani ya puru vinaweza kukaa kwa mtu mmoja. Ukiona damu huku choo kimebadilika tabia kwa zaidi ya wiki 3 (kimekuwa chembamba, au kuharisha na kufunga kwa zamu), uzito unapungua, unachoka kwa kupungukiwa damu, au kuna saratani ya utumbo mpana katika ukoo, usitibu bawasiri kwanza. Na usijifariji kwa ujana. Huku kwetu saratani hii huwapata pia watu wa miaka ya 30, na wengi hufika wamechelewa kwa sababu waliambiwa ni bawasiri tu.

## Hatua ya 3: Jitazame

Oga kwa maji ya kawaida. Chuchumaa juu ya kioo, washa tochi ya simu, vuta tako moja pembeni kwa mkono wenye glavu. Kama mgongo au magoti hayaruhusu, lala ubavu wa kushoto, magoti yafike kifuani, mwenzi wako atazame. Si jambo la kumpa mtoto.

Usiingize kidole kama kuna maumivu makali. Hutajua zaidi, utajiumiza tu.

Tafuta mambo matano: uvimbe (wa rangi gani, wa moto au wa kawaida), mpasuko, kijitundu kinachotoa majimaji, vinyama, na hali ya ngozi. Kisha chuchumaa, sukuma kidogo kama unakwenda choo, uone kama kuna kinachojitokeza.

Andika mahali ulipoona kitu kwa maneno "upande wa mgongoni," "upande wa mbele," "kulia," "kushoto." Usitumie saa. Wataalamu hutaja sehemu hizi kwa uso wa saa, lakini wanahesabu kizungu: sita yao iko chini, upande wa mgongoni, wakati saa sita yetu mshale uko juu. Nimewahi kusoma barua ya rufaa iliyoandikwa "saa sita," nikatafuta uvimbe upande usio wenyewe.

## Hatua ya 4: Lipe tatizo jina

Bawasiri ya ndani. Damu bila maumivu, pengine kinyama laini, chekundu na chenye unyevu kinachotoka ukisukuma. Ina daraja 4: ya kwanza inatoa damu tu, ya pili inatoka na kurudi yenyewe, ya tatu unairudisha kwa kidole, ya nne hairudi. Jua daraja lako, kwa sababu ndilo linaloamua kama utabaki nyumbani au utakwenda kwa daktari wa upasuaji.

Bawasiri ya nje iliyoganda damu. Kinundu cha bluu, kigumu, ghafla. Maumivu huwa kileleni siku 2 au 3 za kwanza, kisha hushuka. Ukifika hospitali ndani ya saa 72 na maumivu hayavumiliki, hutolewa kwa ganzi. Ukichelewa zaidi ya hapo, kwa kawaida ni bora kukiacha kinywee chenyewe kwa wiki chache.

Mpasuko. Mchaniko mdogo wa wima, mara nyingi upande wa mgongoni. Ukikaa zaidi ya wiki 6 hadi 8 huota kikipande cha ngozi pembeni yake. Hicho ndicho watu hukiita "kinyama cha bawasiri" na kukichoma kwa dawa, wakati kidonda kilichokizaa kiko palepale chini yake. Mpasuko wa pembeni, kulia au kushoto, au mipasuko mingi kwa pamoja, si wa kawaida. Unahitaji kupimwa VVU, kaswende, kifua kikuu na magonjwa ya utumbo.

Jipu. Limeshaelezwa. Nyongeza moja: jipu la ndani halionekani. Una homa, mlango unauma ndani kwa ndani, nje hakuna kitu. Nenda hospitali.

Nasuri. Kijitundu pembeni mwa mlango kinachotoa usaha au majimaji, kinajifunga, kinavimba, kinapasuka tena. Ni njia iliyobaki kati ya puru na ngozi baada ya jipu. Haizibwi kwa dawa ya kumeza wala ya kupaka.

Puru kutoka nje. Kinachotoka ni duara zima lenye mikunjo kama miduara ya kitunguu kilichokatwa. Bawasiri hutoka kama vifundo vilivyogawanyika. Kwa mtoto mara nyingi kuna kuharisha, minyoo au utapiamlo nyuma yake: mlaze, bonyeza taratibu kwa kitambaa safi chenye maji hadi kirudi, kisha mpeleke kituoni hata kama kimerudi.

Masundosundo. Vinundu vingi vikavu, vyenye uso kama koliflawa. Ni virusi. Havitibiwi kwa krimu ya bawasiri, na mwenzi naye apimwe.

Kuwashwa bila uvimbe wala damu. Ina hatua yake, ya 8.

Hujapata jina? Usilazimishe. Fanya hatua ya 5 na ya 6, ambazo hazina madhara, halafu uende ukapimwe.

## Hatua ya 5: Lainisha choo, na hapa ndipo kazi ilipo

Bawasiri inavimba kwa sababu ya kujikakamua. Mpasuko unachanika kwa sababu ya choo kigumu. Ukipaka dawa ghali huku choo kikiwa kama mawe, unapiga rangi nyumba inayovuja.

Lengo ni gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Hesabu ya mezani kwetu ni nyepesi kuliko inavyosikika. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 13 hadi 15, na kunde, mbaazi na choroko haziko mbali. Parachichi kubwa zima lina takriban 10. Kiazi kitamu cha wastani kina 4, pera moja 3, ndizi mbivu 3. Ugali wa dona una nyuzinyuzi kuliko wa sembe, kwa sababu sembe imeondolewa ganda. Mchicha, matembele, kisamvu na sukuma wiki viingie kila siku, visiwe vya kupamba sahani. Nikiambiwa "mimi nakula mboga," huuliza kiasi gani, na mara nyingi jibu ni vijiko viwili.

Ongeza polepole kwa wiki nzima. Anayeruka kutoka chipsi mpaka vikombe viwili vya maharage kwa siku moja hujaa gesi, akasema maharage hayamfai.

Isabgoli: kijiko kimoja cha chai kwenye glasi ya maji iliyojaa, koroga, kunywa mara moja kabla haijawa uji, kisha fuatisha glasi ya pili. Anza mara 1 kwa siku, panda hadi mara 2. Usiimeze kavu, na usiitumie kama hunywi maji. Bila maji inaganda, na wewe ndiye utakayejuta.

Maji ni lita 2 hadi 2.5 kwa siku, isipokuwa kama daktari amekuwekea kiwango kwa ajili ya moyo au figo. Anayefunga Ramadhani ayagawe kati ya futari na daku. Mwezi huo wagonjwa wa mpasuko huongezeka kwetu, na si kwa sababu ya saumu. Ni kaimati, sambusa na chai nyingi, huku maji yakisahauliwa.

Kama siku 3 zimepita na choo bado kigumu, ongeza laktulosi mililita 15 mara 2 kwa siku. Inachukua siku 1 hadi 2 kufanya kazi, kwa hiyo usiongeze dozi jioni ileile. Vidonge vya kuharisha vya nguvu visiwe mazoea, maana kuharisha nako huchubua mlango.

Namna ya kukaa chooni. Choo cha kuchuchumaa ni kizuri tayari. Cha kukaa, weka miguu kwenye kigoda, magoti yawe juu kuliko nyonga, egemea mbele. Dakika 5, kisha ondoka hata kama hakijatoka. Simu ibaki chumbani. Nenda haja ikikuita. Ukiizuia, puru linafyonza maji na kinyesi kinakauka. Madereva wa mabasi ya mikoani na walimu wanalijua hili vizuri.

Mafanikio yanaonekanaje: kufikia siku ya 4 au ya 5 choo kina ulaini wa ndizi mbivu, kinatoka bila kujikakamua, na huna haja ya kurudi chooni nusu saa baadaye kumalizia.

## Hatua ya 6: Beseni la maji ya uvuguvugu

Maji ya uvuguvugu hulegeza msuli unaofunga mlango. Msuli ukilegea, maumivu hupungua na damu hufika kwenye kidonda.

Weka maji ya kina cha sentimita 8 hadi 10. Pima kwa kiwiko, kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Yakikuunguza kiwiko, mlango hautayastahimili. Kalia dakika 10 hadi 15, mara 3 kwa siku, na moja ya hizo iwe mara tu baada ya choo. Usiweke chochote ndani. Jikaushe kwa kugusagusa, usisugue.

Anayepanga chumba kimoja na bafu la pamoja atapata tabu na mara 3. Basi zingatia ile ya baada ya choo na ya kabla ya kulala.

Utajua inafanya kazi ukihisi mlango "unaachia" ndani ya dakika chache. Kama maji yanazidisha mapigo ya maumivu, rudi hatua ya 4 ufikirie jipu.

## Hatua ya 7: Dawa kwa jina la tatizo

Bawasiri daraja la 1 na la 2. Hatua ya 5 na 6 ndizo tiba. Krimu au kidonge cha kuingiza hupunguza kuwashwa na uvimbe, basi. Chenye haidrokotisoni kisizidi siku 7, kwa sababu steroidi huipunguza ngozi unene, na ngozi nyembamba hupasuka. Krimu isiyo na lebo itupe: hujui kama kuna steroidi ndani, wala ya nguvu gani. Na asikuchome sindano ya "kukausha bawasiri" mtu asiye mtaalamu.

Mpasuko. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo soma taratibu. Kidonda kinauma, msuli wa ndani unajikaza wenyewe bila ridhaa yako, damu haifiki, kidonda hakiponi, choo kijacho kinakichana tena. Kinachohitajika ni kukata mzunguko huo.

Kabla ya choo, paka mafuta ya mgando mlangoni. Kama unaogopa maumivu kiasi cha kuzuia haja, paka jeli ya lidokaini dakika 10 kabla. Kisha mwombe daktari akuandikie dawa ya kulegeza msuli: diltiazemu ya kupaka ya asilimia 2, au mafuta ya nitrogliserini. Hupakwa kiasi cha punje ya harage pembezoni mwa mlango, kwa kidole chenye glavu, mara 2 kwa siku, kwa wiki 6 hadi 8. Nitrogliserini huleta kichwa kuuma. Paka ukiwa umekaa. Asiiguse kabisa mtu anayetumia dawa za kuongeza nguvu za kiume: vikikutana, presha inaweza kushuka ghafla na kumuua.

Maumivu hupungua ndani ya wiki 2, lakini kidonda hakijafunga. Anayeacha dawa siku hiyo ndiye anayerudi mwezi ujao akisema dawa haifai. Hesabu wiki 6 tangu ulipoanza.

Bawasiri iliyoganda. Beseni, kulainisha choo, na parasetamoli: vidonge 2 vya miligramu 500, si zaidi ya mara 4 kwa saa 24. Epuka tramadoli na kodeini, zinafunga choo. Usitoboe kwa sindano.

Jipu. Nyumbani hakuna tiba. Antibayotiki peke yake hulifanya likae kimya siku mbili, kisha likue kwa ndani. Linapasuliwa na kuachwa wazi lipone kutoka chini kwenda juu. Yule wa bodaboda alipasuliwa siku ileile, akalala usiku wake wa kwanza baada ya wiki. Miezi miwili baadaye alirudi na kijitundu kinachotoa majimaji. Hiyo si ajabu wala si uzembe wa aliyempasua: theluthi hadi nusu ya majipu haya huacha nasuri.

## Hatua ya 8: Kuwashwa

Ukiwashwa usiku, na hasa mtoto wako naye anajikuna, fikiria minyoo midogo myeupe kama nyuzi. Jike hutoka usiku kutaga mlangoni. Asubuhi kabla ya kuoga, bandika kipande cha selotepu ya uwazi mlangoni, bandua, peleka maabara.

Tiba ni albendazoli miligramu 400 dozi moja, kisha nyingine baada ya wiki 2, kwa sababu dawa huua minyoo lakini si mayai. Nyumba nzima imeze siku moja. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 hupewa miligramu 200. Chini ya hapo, na mjamzito wa miezi 3 ya mwanzo, waulize kliniki kwanza. Kateni kucha, fueni mashuka siku ya dawa.

Kama si minyoo, mara nyingi ni usafi uliopitiliza. Kuna watu wanachamba kwa sabuni mara tano kwa siku. Mafuta ya ngozi yanaisha, panawasha, wanaosha zaidi. Tumia maji matupu, kausha kwa kugusagusa, vaa chupi ya pamba, paka mafuta ya mgando kidogo. Wiki 2 zinatosha kuona tofauti.

## Hatua ya 9: Siku ya 14, fungua daftari

Damu imeisha au inapungua, choo laini, maumivu mafupi kuliko wiki ya kwanza: endelea, mwenye mpasuko amalize wiki zake. Hakuna mabadiliko, au damu inaendelea hata kidogo: nenda ukapimwe, na uombe kipimo cha wingi wa damu. Damu ya matone kwa miezi humfikisha mtu kwenye kuongezewa damu bila yeye kujua.

## Hatua ya 10: Chumba cha daktari

Mapokezi sema "nina tatizo la haja kubwa." Inatosha, foleni nzima haihitaji kusikia zaidi.

Ndani utalazwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa. Daktari atatazama, ataingiza kidole chenye glavu na jeli, pengine na kifaa kifupi chenye taa. Pumua kwa mdomo. Ni kama dakika moja au mbili, na una haki ya kuwa na msindikizaji. Kukiwa na mpasuko mbichi, mwambie mapema. Kidole kinaweza kusubiri. Daktari akiandika "bawasiri" wewe ukiwa bado umevaa suruali, muulize kwa adabu: "Daktari, hutaniangalia?" Mwenye damu isiyoeleweka, au dalili nilizotaja hatua ya 2, aombe kipimo cha kamera ya utumbo mpana.

Bawasiri ya ndani isiyosikia dawa, hadi daraja la 3, hufungwa mpira mdogo kwenye shina lake. Inafanyika juu ya ule mstari usio na neva, kwa hiyo ganzi haihitajiki. Utahisi kubanwa na hamu ya kwenda choo kwa siku moja au mbili. Daraja la 4 hukatwa, na ukweli usemwe: wiki 2 za kwanza zinauma. Mpasuko sugu hukatwa sehemu ndogo ya msuli wa ndani. Unapona vizuri, ila muulize daktari kuhusu uwezekano mdogo wa kushindwa kuzuia upepo, hasa kwa mama aliyechanika wakati wa kujifungua. Nasuri hufunguliwa, au hupitishwa uzi unaoachwa wiki kadhaa ili usaha utoke bila msuli kuharibika. Usiuvute huo uzi, wala usiukate ukidhani umesahauliwa.

Aliyefungwa mpira ajue kwamba kati ya siku ya 5 na ya 10 kinyama hudondoka na damu kidogo hutoka. Hiyo inatarajiwa. Damu ikijaa chooni mara ya pili mfululizo, au ukipata homa, maumivu yanayozidi na kushindwa kukojoa, rudi usiku huohuo, usisubiri kupambazuke.